Nedyalka Kehayova na Daftari la Majina

Wafiwa, majirani, na nyote mliopanda mlima kuja Belokamen katika theluji hii, familia inawashukuru kwa kufika. Mimi ni Kalin, marehemu ni shangazi yangu, dada wa baba yangu, na nimekabidhiwa karatasi hizi nizisome kabla hatujamshusha kaburini. Sehemu kubwa aliiandika mwenyewe mwezi Oktoba uliopita, akiwa ameketi kitandani na kibao cha kukatia mkate magotini, akaagiza lisiondolewe hata neno moja. Mwanawe Ilko aliniomba niruke kurasa mbili za katikati, lakini jana asubuhi alinirudishia karatasi zote akaniambia, "Soma yote, Kalin. Usiposoma wewe, watasimulia wengine wanavyotaka wao." Basi nitasoma yote, na sauti yangu ikitetemeka msidhani ni baridi peke yake.

Marehemu Nedyalka Atanasova Kehayova alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1950, katika kijiji cha Dolna Mogila, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa mzee Atanas Yurukov, mwashi wa mawe, na mama Stanka, mfumaji wa mazulia. Alikuwa mtoto mwoga, na hilo halikuwa siri kwa yeyote, aliogopa radi, aliogopa mbwa wa wachungaji, aliogopa kuulizwa swali mbele ya watu, hata mama yake alikuwa akiwaambia majirani kwamba huyu binti kivuli cha kuku kinamkimbiza. Watoto wengi woga huwatoka wakikua, yeye haukumtoka, aliolewa nao, akafanya kazi nao, akazeeka nao, na ameandika hapa kwamba anayetaka kuyaelewa maisha yake aanzie hapo.

Alianza shule ya msingi kijijini kwao mwezi Septemba 1957, akaendelea na sekondari mjini Kardzhali kuanzia mwaka 1964 hadi 1968, na huko ndiko mwandiko wake ulipojulikana, kwani ulikuwa mzuri kiasi kwamba mwalimu mkuu alimpa kazi ya kuandika majina ya wanafunzi wote kwenye vyeti vyao. Mwaka 1968 alijiunga na chuo kikuu cha Veliko Tarnovo kusomea historia, akahitimu tarehe 28 Juni 1973, na tarehe 3 Septemba mwaka huo huo akaajiriwa katika makumbusho ya mji wetu, nyumba ile ya ghorofa moja iliyokuwa ya tajiri wa tumbaku, ambayo hakuna hapa asiyeijua.

Makumbusho ya wakati ule yalikuwa na dubu mfu aliyejazwa majani makavu chini, na juu yalikuwa na picha za viongozi, mifano ya matrekta na bendera za viwanda, na kazi ya wafanyakazi wake ilikuwa kuwaambia watu wao ni akina nani. Watu waliletwa kwa mabasi, wakasimama, wakaambiwa, wakaondoka. Marehemu aliipenda kazi ile kwa sababu ilikuwa kimya, kazi yake ilikuwa kuandika karatasi za maelezo zinazowekwa kando ya kila kitu ndani ya makabati ya kioo, na kitu kikishaandikwa jina kilitulia hapo hapo, hakikumuuliza swali.

Tarehe 2 Oktoba 1976 alifunga ndoa na marehemu Stamen Kehayov, dereva wa mgodi, wakajaliwa watoto wawili, Ilko aliyezaliwa tarehe 19 Februari 1978, na Bilyana aliyezaliwa tarehe 5 Novemba 1980. Walipewa nyumba ghorofa ya tatu katika jengo la wafanyakazi, na mlango ulioelekeana na wao ulikuwa wa Remzi na mkewe Gyulfere, mchambuzi wa majani ya tumbaku kiwandani, mama mwenye sauti kubwa na mkono mwepesi. Kwa miaka minane milango ile miwili ilikuwa haifungwi mchana, watoto walikula popote palipoiva kwanza, na Bilyana alijifunza kutembea kwenye sakafu ya Gyulfere akishikilia pindo la suruali yake pana, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa kazini akiandika karatasi za maelezo.

Sasa nafika kwenye zile kurasa mbili.

Mwanzoni mwa mwaka 1985 serikali ya wakati ule iliamua kwamba katika nchi hii hakuna Waturuki, kuna Wabulgaria tu waliosahau asili yao, na kwamba kila mwenye jina la Kituruki apewe jina la Kibulgaria, aliye hai na hata aliyekufa. Malori ya askari yalifunga barabara za kuingia Belokamen tarehe 7 Januari, siku ya Jumatatu, na kwa kuwa ukumbi wa mji ulikuwa umejaa askari, meza ya kuandikia majina mapya iliwekwa kwenye ukumbi wa chini wa makumbusho, mbele ya dubu. Katibu wa chama, Ndugu Metodi Vakrilov, alimwita marehemu akamwonyesha kiti.

"Tunahitaji mwandiko unaosomeka," akamwambia. "Haya ni madaftari ya kihistoria, ndugu Kehayova. Mawili, yanayofanana. Moja langu, moja la makumbusho."

Marehemu akamwambia kwamba ana watoto wadogo, na kwamba mkono unamuuma.

"Wote tuna watoto," Vakrilov akamjibu. "Ndiyo maana nakuomba kwa upole."

Alikaa. Ameandika kwamba hakulazimishwa kwa bunduki, hakupigwa, hakufungiwa, aliambiwa kwa upole akakaa, na alikaa siku tisa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi giza lilipoingia, akaandika majina elfu moja mia tatu na kumi na mawili, la zamani kushoto na jipya kulia. Askari walisimama mlangoni na mbwa wawili, na watu waliingia mmoja mmoja, mikono imetoka mifukoni kama walivyoamriwa. Wengine walilia, wengine walichagua jina la kwanza kwenye orodha bila kulisoma, mzee mmoja alisimama tu akitazama dubu mpaka wakamchagulia. Kila mlango ulipofunguliwa marehemu aliomba asiwe mtu anayemjua, na katika mji kama huu ombi hilo halikuwa na maana.

Gyulfere aliingia tarehe 10 Januari, saa nne asubuhi, amevaa koti la kiwandani.

"Karibu," marehemu akasema, maana hakujua mtu anasema nini mahali kama pale.

"Karibu wapi, jirani? Hapa ndipo nilipomleta binti yako amwone dubu."

"Chagua jina, Gyulfere. Tafadhali. Ya herufi G ni haya hapa juu."

"Sichagui."

"Wanangoja."

"Naona wanangoja, macho ninayo. Chagua wewe. Wewe ndiye uliyesoma. Niandike unavyotaka."

Marehemu aliandika Galina. Gyulfere akainama juu ya daftari akatazama wino ukikauka, akasema, "Mwandiko mzuri, mashallah," na askari akampigia kelele kwa kutamka neno lililokatazwa, akamshika bega akamtoa nje. Marehemu hakuinua kichwa. Aliita anayefuata.

Wiki ile ile vililetwa vitu vilivyochukuliwa majumbani, mavazi ya harusi, vitambaa vya kichwa, vitabu vya dini, vikombe, na makumbusho yakapewa wiki mbili kutayarisha maonyesho ya kuthibitisha kwamba watu wa bonde hili tangu zamani walikuwa Wabulgaria. Kilichofaa kiliwekwa kwenye kabati la kioo na kuandikiwa maelezo ya uongo, na maelezo hayo aliyaandika marehemu, kisichofaa kiliamriwa kichomwe. Alichoma vitabu viwili, akashindwa kuendelea, akavipeleka vilivyobaki kwenye chumba cha chini nyuma ya rafu za mifano ya matrekta iliyovunjika, akaandika juu ya masanduku "Vina nondo, visiguswe." Miaka mingi baadaye mwandishi wa gazeti alitaka kumwita shujaa kwa jambo hilo, naye akakataa katakata. Ameandika hivi, nasoma kama ilivyo: "Niliogopa kuvichoma na niliogopa kutovichoma. Niliogopa kwamba siku moja mwenye mali atakuja kuidai, na mimi sitakuwa na cha kumpa."

Nyumbani mlango ulianza kufungwa mchana. Ilikuwa marufuku kutaja majina ya zamani, na mwezi Machi, siku Bilyana alipomwona jirani kwenye ngazi akamkimbilia akiita "Gyulfere! Gyulfere!", marehemu alimvuta mtoto wa miaka minne akampiga kofi la mdomo mbele ya mwenye jina. Gyulfere alipita akapanda ngazi. Bilyana amekaa pale mbele, ameniambia yeye halikumbuki kofi hilo. Mama yake alilikumbuka mpaka mwisho.

Tarehe 22 Julai 1989, siku ya Jumamosi, katika kiangazi kile ambacho mpaka ulifunguliwa na watu maelfu wakaondoka kwenda Uturuki, Remzi na Gyulfere walifunga magodoro yao juu ya gari dogo wakaondoka. Marehemu aliwatazama kupitia pazia la jikoni. Stamen alishuka akawasaidia kufunga kamba, yeye hakushuka.

Mwezi Novemba mwaka ule serikali ilianguka, na mwaka uliofuata watu waliruhusiwa kurudisha majina yao mahakamani. Maonyesho yale ya uongo yalibomolewa kwa siku moja, vitu vyake marehemu akavitia kwenye masanduku yale yale ya chini, makabati yakabaki matupu, na kwa muda wa miaka ishirini makumbusho yetu hayakumwambia mtu yeyote kitu chochote. Marehemu alikuwa mkurugenzi kuanzia mwaka 1994, mkurugenzi wa dubu, kama alivyozoea kusema mwenyewe, na wa paa linalovuja. Walimu walileta watoto mara moja kwa mwaka. Mumewe Stamen alifariki tarehe 30 Agosti 2003 kwa maradhi ya mapafu, watoto wakawa na nyumba zao, na yeye kila asubuhi kabla ya kufungua ofisi alishuka chumba cha chini kuhakikisha kwamba masanduku yapo na kwamba hakuna aliyeyagusa.

Tarehe 19 Mei 2011 mama mmoja mzee alisimama mbele ya meza ya tiketi. Marehemu alikuwa amezeeka, mgeni naye amezeeka, lakini ile sauti aliijua kabla hajainua macho.

"Nimetoka Bursa kwa basi," Gyulfere akasema. "Nimekuja kuchukua kizibao changu cha harusi. Kama kipo."

Marehemu alisimama. Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa miaka ishirini na sita, kwa namna mtu anavyongoja majibu ya hospitali. Alishuka, akafungua sanduku la tatu, akapanda na kizibao cha mahameli kilichotariziwa nyuzi za fedha, akakilaza mezani, na karatasi ya maelezo ilikuwa bado imeshonewa kwenye kola, kwa mwandiko wake mwenyewe: "Vazi la kale la bibi harusi wa Kibulgaria." Gyulfere akavaa miwani akasoma, akasoma tena, kisha akaanza kucheka, kicheko kibaya kisichokuwa na furaha.

"Hata nguo ulibadilisha jina, Nedyalka?"

"Niliambiwa."

"Najua uliambiwa. Wote mliambiwa. Mimi sikuja kukuuliza nani alikuambia."

"Chukua. Chukua vyote, Gyulfere. Viko masanduku kumi na saba."

Gyulfere alikikunja kizibao taratibu, akakirudisha upande wa pili wa meza. Alisema kwamba akikipeleka kwake Bursa, Uturuki, kitakaa kabatini, wajukuu watakiona mara moja wakati wa sikukuu, na hapa Belokamen kila mtu ataendelea kusema kwamba hapakutokea kitu. "Kiweke pale juu," akasema, "kwenye kioo, na hii karatasi yako usiitoe, iache hapo hapo. Halafu andika nyingine kando yake. Andika kilichotokea. Wewe ndiye uliyesoma."

Ilimchukua miaka mitatu. Mwaka wa kwanza hakufanya lolote, aliogopa, na ameandika hivyo bila kujificha. Mwaka wa pili alianza kwenda vijijini kuuliza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika maisha yake ya kazi, kumwuliza mwenye kitu kwamba kitu hiki ni nini na wewe unakiitaje, na baadhi ya watu walimfukuza, na mmoja alimwachilia mbwa. Mwaka wa tatu alitangaza kwamba chumba cha juu kitafunguliwa tarehe 27 Septemba 2014, na kuanzia hapo mji ukabadilika. Barua zisizo na jina ziliingizwa chini ya mlango, nyingine zimeandikwa "msaliti," nyingine zimechorwa tu kaburi. Waliozoea kumpa mkono sokoni walianza kutazama nyanya. Simu ililia, akainua, akasikia mtu anapumua.

Mwezi Juni alipokea mwaliko wa kahawa kutoka kwa Metodi Vakrilov, ambaye wakati huo alikuwa Bwana Vakrilov, mwenye hoteli na kiwanda cha mbao, na nusu ya mji ikiwa imeajiriwa kwake. Alikwenda kwa sababu aliogopa kutokwenda. Alimkuta kwenye baraza ya hoteli, kanyoa vizuri, kaagiza keki mbili.

"Kula, Nedyalka, wewe umekonda. Nasikia unaandaa chumba."

"Ndiyo, Bwana Vakrilov."

"Kizuri. Makumbusho lazima yaende na wakati. Ila nikuulize, katika chumba hicho, nani ameandika majina?"

Marehemu akakata kipande cha keki.

"Maana mimi daftari langu ninalo nyumbani. Nalitazama mara moja moja. Sikuandika hata jina moja, si unakumbuka? Mimi nilisimama dirishani tu. Mwandiko ni wako ukurasa hadi ukurasa. Nikimpa mtu wa gazeti, hao hao unaowafungulia chumba watakutemea mate. La kwako ulilichoma?"

"Nililichoma," marehemu akasema. Alidanganya, na keki aliimaliza, na hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi alipokuwa akirudi, kwamba aliimaliza.

Jumapili iliyofuata Ilko alikwenda kwake. Hapa naomba radhi, Ilko, lakini umesema nisome.

"Mama, acha," Ilko akamwambia. "Binti yangu anaitwa shuleni mjukuu wa Waturuki. Mke wangu anafanya kazi hotelini kwa Vakrilov. Unataka nini? Umeshakaa kimya miaka thelathini, kaa na hii iliyobaki."

"Naogopa, Ilko."

"Basi si ndiyo? Kama unaogopa, acha."

"Nilipokaa pale mezani niliogopa pia," mama yake akasema. "Woga ni ule ule. Nataka safari hii niogope nikiwa nimekaa upande mwingine."

Ilko aliondoka akifunga mlango kwa nguvu, na hawakusemezana hadi Krismasi.

Siku ya ufunguzi ilikuwa Jumamosi yenye jua. Katika kabati la kwanza, mlangoni kabisa, mtu asipate kulipita, marehemu aliweka lile daftari ambalo halikuwa limechomwa, limefunguliwa, na kando yake karatasi ya maelezo yenye mistari miwili: "Daftari la majina yaliyobadilishwa kwa nguvu, Belokamen, Januari 1985. Limeandikwa na Nedyalka Kehayova, mfanyakazi wa makumbusho haya." Kisha akasimama mlangoni, magauni mawili ndani ya koti kwa sababu alikuwa akitetemeka, akangoja. Saa nne hakuna mtu. Saa tano wanaume sita walisimama upande wa pili wa barabara mbele ya duka la vinywaji, mikono kifuani, wakitazama. Saa sita kasorobo, jiwe lilipita karibu na kichwa chake likavunja kioo cha dirisha la chini, na dubu akajaa vigae vya kioo. Alitamani kukimbia, ameandika kwamba miguu ilikuwa tayari imegeuka. Wakati huo huo alisikia watu nyuma yake ndani ya nyumba, akadhani wamemzunguka, akasema moyoni kwamba sasa imekwisha.

Walikuwa wameingia kwa mlango wa uani, kwa sababu nao waliogopa. Walikuwa kama thelathini, wazee wa vijiji vya juu, na mbele yao Gyulfere aliyekuwa amefika kwa basi la alfajiri. Walisimama kuzunguka daftari. Walisoma ile karatasi yenye jina la marehemu. Marehemu alisimama pembeni akingoja kutemewa mate, na mzee mmoja, Ruzhdi wa kijiji cha Kayabash, alimgeukia.

"Ndiwe wewe?"

"Ndiye mimi."

"Baba yangu ulimwandika Rusi. Alikufa na jina hilo. Kaburini imeandikwa Rusi." Akanyoosha mkono. "Nipe kalamu."

Hapo marehemu aliogopa kwa namna mpya, woga wa kazi, kwani tangu siku ya kwanza ya ajira alikuwa amefundishwa kwamba kitu cha makumbusho hakiguswi, sembuse kuandikwa. Alifungua kabati la kioo. Alitoa kalamu kwenye mfuko wa koti lake. Mzee Ruzhdi akaandika jina la baba yake pembeni mwa ukurasa, kwa mwandiko mbaya wa mtu aliyeacha shule mapema, Rasim, akampa kalamu aliye nyuma yake. Ilichukua mchana kutwa. Gyulfere aliandika wa mwisho, jina lake kamili, herufi kubwa, akaweka kalamu chini akasema ana njaa.

Tarehe 12 Januari 2015, akiwa amebakiza miezi miwili kutimiza miaka sitini na mitano, marehemu aliachishwa kazi na baraza la mji kwa kosa la kuruhusu mali ya makumbusho kuharibiwa, na chumba kikafungwa kwa kufuli. Picha ya ukurasa wa daftari ilitoka gazetini kama alivyoahidiwa na Vakrilov, na wapo waliomtemea mate, si wengi, lakini wapo. Hata hivyo watu waliendelea kuja, kila Jumamosi walikuja kutoka vijijini na hata kutoka Bursa na Edirne, wakakuta kufuli, wakakaa kwenye ngazi na chai yao wakingoja kuandika, mpaka meya alipoona aibu ya ngazi kujaa watu akafungua, tarehe 16 Aprili 2016. Kazi yake hakurudishiwa. Alikwenda hivyo hivyo, bila cheo, na kwa miaka sita na nusu alikaa kwenye kiti cha mbao kando ya daftari, kila anayeingia akimweleza yeye ni nani na alifanya nini, kisha akimpa kalamu. Barua zisizo na jina hazikukoma. Alizisoma zote, akaziweka kwenye sanduku, akaziandikia tarehe.

Mwezi Novemba 2022 alianza kusikia maumivu ya tumbo na mgongo, akapelekwa hospitali ya Plovdiv, ikagundulika kuwa ni saratani ya kongosho. Alifanyiwa upasuaji tarehe 9 Januari 2023, akapata nafuu kiasi, ugonjwa ukarudi mwezi Septemba. Alikiogopa kifo, hakutaka mtu aseme vinginevyo leo, alimshika daktari mkono kama mtoto. Gyulfere alimpigia simu kila siku kutoka Bursa, na siku ya Jumapili, tarehe 4 Februari, mimi ndiye niliyeshika simu sikioni kwake, nikasikia yote mawili, swali na jibu.

"Gyulfere, umenisamehe?"

Niliisogeza simu karibu zaidi na sikio lake.

"Wamekupa supu?" Gyulfere akauliza.

"Wamenipa."

"Basi kunywa supu yako, jirani. Usiache ipoe."

Akanywa vijiko vinne. Alifariki siku ya Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa tisa na robo alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, na daftari ambalo kati ya majina yake elfu moja mia tatu na kumi na mawili, majina mia mbili sabini na mawili bado hayana aliyekuja kuyaandika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Plovdiv, hasa yule muuguzi wa zamu ya mchana aliyekubali kushikwa mkono. Inawashukuru majirani wa jengo la wafanyakazi waliochemsha ngano na kuoka mkate wa msiba, wafanyakazi wenzake wa makumbusho waliokuja ingawa walishauriwa wasije, wazee wa vijiji vya juu waliosimama leo ndani ya uwanja wa kanisa lisilo lao, na mama Gyulfere aliyesafiri siku mbili kwenye theluji. Kuna shada moja la maua limeletwa asubuhi na gari la hoteli, halina jina la mtu, utepe wake umeandikwa "Kwa mwandishi wetu." Tumeliona, tumelielewa, na tumeliacha nje ya lango.

Mnajua kwamba Alhamisi ijayo baraza la mji litakaa kuamua kama chumba kile kigeuzwe ukumbi wa karamu za harusi. Nimeambiwa na mtu wa heshima kwamba ingekuwa busara nisilitaje jambo hilo hapa, na nikirudi kwangu leo sijui nitakuta nini chini ya mlango. Naogopa, shangazi, nakuambia wewe kwa sababu wewe hutanicheka. Lakini Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa nimekaa kwenye kiti chako, na kalamu ninayo.

Shangazi Nedyalka, umechoka kutetemeka. Tulia sasa, ulale kwa amani.